Dagaa, sangara au kizimba: pesa yako iingie ziwani kwa njia ipi?

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam mwezi uliopita. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye hoja moja kwa moja. Kazini wamepunguza watu, amelipwa kiinua mgongo, anarudi nyumbani Mwanza, na hela hiyo anataka iingie ziwani. "Mjomba, wewe umezeeka hapo ufukweni. Niambie tu: dagaa, sangara, au vizimba vya sato?"

Nilimwomba siku chache. Nikaenda Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki hapa Mwanza, asubuhi mbili, nikaenda Igombe, nikakaa na watu ninaowafahamu wa kila kazi kati ya hizo tatu: dagaa, sangara, na kizimba, yaani banda la nyavu linaloelea ziwani la kufugia sato. Niliyomjibu ndiyo haya, nimeyaongezea kidogo kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hili. Kila mwaka watu huja na akiba zao kwenye ziwa hili, na wengi hupoteza kwa sababu ambazo wangeweza kuambiwa kabla.

Nianze na maji yenyewe, kwa kuwa yanaingia katika kila hesabu itakayofuata. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini ni ziwa la kina kifupi. Wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Linganisha na Tanganyika yenye mita 1,470. Kwenye ghuba yetu ya Mwanza maji ni mafupi zaidi. Ufupi huo una maana tatu kwa mfukoni mwako. Upepo mkali unaweza kulivuruga ziwa mpaka chini na kupandisha maji mabaya yasiyo na hewa. Mazalia ya samaki yako kwenye ghuba na matete ya pembeni, mahali ambapo mtu yeyote mwenye wavu anafika kwa miguu. Na uchafu wa mji na mbolea ya mashamba haviendi mbali; vinabaki pale pale, vinalisha mwani na magugu maji.

Halafu ziwa ni la wote. Tanzania ina karibu asilimia 51 ya eneo lake, Uganda 43, Kenya 6. Samaki uliyemwacha leo akue, kesho anaweza kuvuliwa na mtu wa kisiwa kingine au nchi nyingine, naye hatakushukuru.

Kwa hiyo swali nililomrudishia mpwa wangu ni hili: katika kila kazi hatari iko wapi, na mkono wako unaifikia? Wengi hulinganisha faida. Faida za kazi hizi tatu zinapishana mwaka hadi mwaka na mwalo hadi mwalo (mwalo ni pale mitumbwi inapoegesha na kushusha samaki), lakini mahali hatari inapokaa hapabadiliki. Kwenye sangara hatari iko mikononi mwa watu wengine. Kwenye dagaa iko angani, na nusu yake unaweza kuizuia ukiwa nchi kavu. Kwenye kizimba iko ndani ya maji na ndani ya mfuko wa chakula.

Sangara

Baba yangu mkubwa alikuwa tajiri wa makila, zile nyavu za kutegea sangara, kule Ukerewe. Kwa msomaji wa mbali: huku kwetu "tajiri" ni mwenye mtumbwi na nyavu, hata kama nyumbani kwake hakuna kiti. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Aliwala furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina ambao wazee wetu walikua nao, na aina nyingi za furu hazikuonekana tena. Viwanda vya minofu vikaja Mwanza, Ulaya ikanunua, na baba mkubwa akasomesha watoto saba kwa nyavu zile. Sisemi sangara ni kazi mbaya. Nyumba nyingi za bati visiwani alizijenga yeye.

Ila tazama pesa inavyozunguka leo. Unahitaji mtumbwi mkubwa, injini, makila ya kutosha au migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, pamoja na chambo chake, barafu, na mafuta ya kwenda mbali. Tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 6. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na majike huchelewa kukomaa kuliko madume, kwa hiyo hata hiyo 50 haimaanishi kila uliyemvua ameshazaa. Wengi wasio na mtaji kamili huchukua nyavu na mafuta kwa wakala wa mnunuzi, kisha wanalazimika kumuuzia yeye kwa bei yake. Ukiingia kwa mkopo wa namna hiyo umeajiriwa, ingawa mtumbwi una jina lako.

Nyavu za sangara hutegwa jioni na kutolewa alfajiri. Usiku kucha mali yako imelala majini peke yake. Wizi wa nyavu na injini umewafilisi watu ninaowajua kwa majina, watu waangalifu, wasiolewa, waliofanya kila kitu sawasawa. Hapo hata uangalifu wako haukusaidii.

Na bei haipangwi Mwanza. Minofu inakwenda nje, mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yanakwenda Asia, na bondo la sangara mkubwa linaweza kuwa na thamani kuliko nyama yake. Mwaka 2020, korona ilipozuia ndege, bei ilianguka mwaloni wakati samaki walikuwa wale wale na mafuta bei ile ile. Soko la kayabo, yule sangara wa chumvi anayekwenda Kongo, liliwasaidia baadhi, lakini halilipi kama kiwanda. Viwanda vyenyewe vimekuwa vikifanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa samaki, na vingine vimefunga milango.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mvuvi mwaminifu wa sangara anabeba gharama ya asiye mwaminifu. Wewe umenunua wavu wa inchi 6 na unarudi na samaki kumi. Jirani ana timba, wavu wa uzi wa plastiki uliokatazwa, au anavuta kokoro, wavu wa kukokota kutoka ufukweni, kwenye matete, anatoa watoto wa sangara na sato ndoo kwa ndoo. Wale ndoo kwa ndoo ndio samaki wako wa mwaka kesho. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu haramu nyingi sana kandokando ya ziwa. Iliumiza watu, na familia nyingine hazikuinuka. Mimi naamini sheria ile ilikuwa na haki kwa samaki, lakini operesheni huja ikapita. Unapochagua sangara unaweka pesa yako chini ya usimamizi wa mialo yote inayokuzunguka, mwaka mzima, na wewe una sauti kwenye mwalo mmoja tu.

Nikamwambia mpwa wangu: sangara ni kazi ya mtu mwenye mitumbwi kadhaa, mwenye nahodha wa kuaminika wa miaka mingi, na mwenye akiba ya kununua nyavu upya hata zikiibwa mara mbili. Yeye si mtu huyo, kwa sasa.

Kizimba

Hapa ndipo moyo wake ulipokuwa, nilimsikia kwenye sauti. Ameona picha. Januari 2024 Rais Samia alikuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti na vizimba kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na tangu hapo kila kijana Kanda ya Ziwa ana rafiki wa rafiki mwenye kizimba. Ni jambo jema. Samaki anayefugwa anapunguza njaa ya wavu kwenye matete. Lakini mkopo usio na riba bado ni mkopo, na samaki waliokufa hawalipi.

Tufanye hesabu pamoja, ile ninayoifanya na kila anayeniuliza. Umeweka vifaranga 10,000 wa sato. Tuseme umelea vizuri, na 8,500 wamefika mwisho wakiwa na wastani wa gramu 400. Hiyo ni miezi sita hadi minane ya kulisha. Umepata kilo 3,400 za samaki. Kila kilo moja ya sato kwenye kizimba, mfugaji mzuri hutumia kilo 1.5 hadi 1.8 za chakula cha kuelea. Tuchukue 1.6. Utakuwa umemwaga majini kilo 5,440 za chakula, yaani mifuko 272 ya kilo 20.

Sasa piga simu leo dukani, uliza bei ya mfuko mmoja, uzidishe mara 272. Ukishaona jibu, kaa chini kwanza. Chakula ni asilimia 60 hadi 70 ya gharama zote za kazi hii; kizimba chenyewe, ambacho watu hukipiga picha, ni sehemu ndogo. Na sehemu kubwa ya mifuko hiyo haiendi mwanzoni. Samaki mdogo anakula kidogo. Miezi miwili ya mwisho ndiyo inayomaliza ghala, wakati ambao wengi pesa imekwisha, wanaanza kulisha nusu, samaki wanadumaa, na mzunguko wa miezi saba unakuwa wa kumi.

Hesabu hiyo ina mlango mwingine wa kuvuja. Kijana wa kulisha akimwaga haraka haraka ili aende zake, au mfuko mmoja ukipotea kila wiki, ile 1.6 inakuwa 2. Samaki ni wale wale kilo 3,400, lakini mifuko imefika 340. Mifuko 68 ya ziada inaweza kuwa ndiyo faida yako yote. Kwa hiyo kizimba kinakutaka ukae karibu nacho. Mtu wa kulisimamia ziwa kwa simu kutoka Dar asianze.

Sasa maji. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini unapoza na kuvuruga ziwa, na maji ya chini yaliyokosa hewa yanaweza kupanda juu. Samaki wa porini hukimbia. Wa kizimbani hana pa kukimbilia. Jirani yangu mmoja, mtu wa bidii, aliamka asubuhi ya Julai akakuta samaki wamepanda wote juu wanahema, midomo nje. Mchana walikuwa wameelea. Walikuwa wamebakiza wiki tatu kuuzwa. Nilisaidia kuwaopoa, tulijaza mtumbwi mara kadhaa, na mke wake alisimama ufukweni bila kusema neno. Mwani ukichanua sana na kufa hufanya madhara yale yale. Ndiyo maana usiweke kizimba mahali kwa sababu ni karibu na nyumbani. Kina cha maji kiwe angalau mara mbili ya kina cha kizimba, pawe na mkondo wa kusafisha uchafu chini, pasiwe kwenye kona iliyojaa magugu, pasiwe mbele ya mto unaoleta matope ya masika. Kwenye ziwa fupi kama letu sehemu nzuri si nyingi, na zinajaa. Kizimba cha jirani yako kikiwa karibu mno, mabaki ya chakula chake na kinyesi cha samaki wake vinakuwa shida yako. Watu husema ufugaji unakuondoa kwenye shamba la wote. Si kweli kabisa. Umeondoa samaki wako, maji bado ni ya wote.

Vibali vipo vya kutosha: tathmini ya mazingira chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, kibali cha maji cha bodi ya bonde, leseni ya ukuzaji viumbe maji. Usiviruke, hata ukiambiwa kuna njia fupi. Na kabla ya kibali chochote, nenda Nyegezi kwenye chuo cha uvuvi, FETA, uulize mafunzo ya muda mfupi, au ukae mwezi mzima kwa mfugaji ukilisha bure.

Nikiwa mkweli, kizimba kina mema ambayo sangara na dagaa hawana. Unajua siku ya kuvuna. Unaweza kuvuna kidogo kidogo kwa wiki, ukauza Mwanza mjini ambako sato hakosi mnunuzi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mfugaji wa upande wa Sengerema hasubiri tena kivuko samaki wakiiva jua. Pia ziwa likifungwa kwa muda ili samaki wazaliane, kama Tanganyika ilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mfugaji anaendelea kulisha wakati mvuvi ameegesha mtumbwi.

Kwa hiyo naona kizimba kinamfaa mtu, au bora zaidi kikundi, chenye pesa ya chakula cha mzunguko mzima tayari benki kabla kifaranga wa kwanza hajaingia, na akiba ya kuanza upya mara moja. Ukiwa na pesa ya kizimba na vifaranga tu, ukitumaini chakula kitajilipa njiani, usianze.

Dagaa

Nimewaacha dagaa mwisho kwa sababu nina mengi ya kusema juu yao, na kwa sababu watu huwadharau. Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza katika samaki wanaovuliwa ziwani siku hizi. Ni wa asili ya ziwa hili, hakuletwa na mtu. Anaishi mwaka mmoja hivi na anakomaa akiwa na sentimita nne au tano tu, kwa hiyo ukimwacha apumue anarudi upesi, tofauti na sangara anayehitaji miaka.

Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Zamani zilikuwa karabai, leo ni taa za sola na betri, na ukisimama Bwiru usiku usio na mwezi unaona mji mwingine umewashwa juu ya maji. Mbalamwezi ikikomaa taa hazina nguvu, na mitumbwi hupumzika siku kama kumi. Kwa mtu aliyezoea mshahara hiyo ni shida, lazima ajifunze kula kwa hesabu ya mwezi wa angani. Lakini ni shida unayoiona kwenye kalenda. Wavu uko mkononi mwako usiku wote, haulali peke yake. Asubuhi dagaa wapo ufukweni, wanunuzi wapo, pesa inaingia siku hiyo hiyo au siku mbili baadaye wakishakauka. Weka hilo kando ya kizimba: miezi saba dhidi ya siku mbili.

Hatari ya dagaa ni anga. Mwaka mmoja nilinunua ndoo 30 za dagaa wabichi Igombe, asubuhi nyeupe kabisa ya mwezi Aprili. Nikawaanika mchangani kama kila mtu. Saa saba mchana wingu likapanda kutoka upande wa Ukerewe, na mpaka saa kumi nilikuwa na uji wa dagaa na mchanga. Niliwauza wa kuku, kwa bei ambayo haikurudisha hata nauli. Niliumia, na uchungu ule ndio ulionifundisha kazi hii.

Kwa sababu hasara ile haikuwa ya lazima. Ningekuwa na chanja, zile meza za miti na wavu zilizoinuliwa hadi kiunoni, upepo ungepita juu na chini, na kwa jua zuri wangekauka siku moja. Ningekuwa na turubai ningewafunika dakika mbili. Ningekuwa na sufuria kubwa na chumvi ningewachemsha kidogo kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanika, wakavumilia mawingu. Hivi vitu vinajengwa kwa miti, nyavu chakavu na mikono. Hakuna hata kimoja kinachotoka nje ya nchi.

Na bei inafuata usafi. Kaa Mwaloni Kirumba uone mnunuzi mzoefu anavyofanya: anachukua dagaa kiganjani, anawasugua, anafungua kiganja kutafuta mchanga, anamtia mmoja mdomoni. Dagaa wa chanja anakwenda kwenye gunia la binadamu, na magunia hayo husafiri hadi Kongo, Rwanda, Burundi na mikoa yetu yote. Dagaa wa mchanga mwenye harufu anakwenda kwenye chakula cha kuku. Samaki ni yule yule, usiku ule ule, mtumbwi ule ule. Kumbuka pia kwamba kilo tatu hadi nne za wabichi zinatoa kilo moja ya wakavu, hivyo kila gunia lililoharibika ni gunia tatu au nne za ziwa zilizopotea bure.

Kwa hiyo kuna dagaa wa aina mbili kwa mwenye mtaji: wa kuvua na wa kuanika. Mpwa wangu alidhani dagaa maana yake ni kununua mtumbwi. Nilimwambia hapana, mwache mwenye mtumbwi avue. Wewe jenga chanja. Wengi wanaoshika kazi ya kuanika ni wanawake, na kwa miaka mingi wamefanya kazi mgongo umeinama mchangani kwa kukosa chanja tu. Shirikiana nao kwa haki, ulipe ndoo asubuhi bila kuzungushana, na utakuwa na wauzaji waaminifu hata msimu mgumu. Ukiona mwaka umepita na umeelewa bei, wanunuzi na tabia ya mvua, hapo fikiria mtumbwi.

Ukifikia kununua mtumbwi, wavu wa dagaa usiwe na tundu chini ya milimita 8, na usivue karibu na ufuko. Dagaa wachanga hukaa huko pembeni, na taa zako zitavuta pia watoto wa sangara na furu. Nimeona karai la dagaa lenye watoto wa sangara wengi kiasi kwamba mtu mzima alipaswa kulia. Ukivua dagaa vibaya unamvulia mwenzako wa sangara samaki wake, na unamlia chakula chake pia, kwa sababu sangara huishi kwa dagaa, uduvi na furu. Wale watatu niliokuwa nikiwalinganisha wamefungwa kamba moja chini ya maji.

Tukiweka ubavu kwa ubavu

Kuhusu mtaji: wa chanja ndio mdogo kuliko wote, wa mtumbwi wa dagaa unafuata, sangara na kizimba viko juu, na kizimba kinaendelea kudai baada ya kununua wakati sangara anadai mafuta na barafu kila safari.

Kuhusu sheria: leseni ya uvuvi na ya chombo ni za kila mwaka kwa wote wanaovua. Usinunue wavu wowote kabla hujauonyesha kwa afisa uvuvi. Wavu wa bei rahisi sokoni mara nyingi una sababu ya kuwa rahisi. Mwanikaji ana mzigo mwepesi zaidi, ushuru na vibali vya kusafirisha mazao, lakini naye asinunue dagaa waliochanganyika na watoto wa sangara.

Kuhusu mwalo wenyewe, hapa hakuna tofauti kati ya kazi hizi na ndipo watu hukosea zaidi. Kila mwalo una BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia rasilimali pamoja na serikali. Kabla hujaleta pesa, nenda ukae nao siku tatu. Uliza ni lini mara ya mwisho walikamata kokoro, na walifanya nini. Kama wanakutajia mwezi na jina la mahali, na unaona mzani uko wazi na daftari la samaki limeandikwa hadi jana, pesa yako ina mlinzi. Kama wanacheka na kubadilisha mazungumzo, hamia mwalo mwingine, iwe ni dagaa, sangara au kizimba. Mwalo usiolinda matete yake hautalinda injini yako.

Kuhusu usingizi, mke wa mpwa wangu aliuliza na ni swali zuri. Mvuvi wa sangara hulala mchana na mali yake ikiwa majini usiku. Mfugaji hulala na sikio wazi, hasa Julai. Mwanikaji hulala usiku kama watu wengine, anaamka saa kumi na moja mitumbwi ikirudi, na mchana macho yake yapo mawinguni.

Mpwa wangu alisikiliza kimya, kisha akasema, "Lakini mjomba, kuanika dagaa... watu watasema nimetoka Dar kuja kuanika dagaa." Nikamwambia waseme. Nikamwambia agawanye hela mafungu matatu: fungu moja chanja thelathini na turubai zake, fungu la pili la kununulia ndoo za dagaa kwa vipindi viwili vya giza mfululizo, na la tatu asiliguse mpaka masika yapite. Kizimba akikitaka baada ya hapo, ajiunge na kikundi, fungu hilo la tatu liwe chakula.

Anafika Alhamisi kwa basi. Wiki hiyo mwezi utakuwa umeanza kuchelewa kuchomoza na mitumbwi itakuwa inarudi majini. Jumamosi alfajiri tutakuwa Kayenze kuhesabu ndoo zinazoshuka na kuuliza bei. Nimemwambia pesa aiache benki, aje na daftari na kalamu.